Wawili msituni Udzungwa kwa siku moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tunaulizwa kwa simu, kwa WhatsApp, na mara nyingine mtu akiwa ameshashuka kwenye basi Mang'ula, mji ulio chini ya Milima ya Udzungwa mkoani Morogoro, begi mgongoni na mwenzake pembeni. Majibu ni yetu sisi tunaotembeza wageni kwenye njia ya Sanje. Yanawahusu wachumba na wanandoa wanaotaka siku moja ya msitu na mwongozaji wao. Vikundi vya shule na wapanda mlima wa siku tatu wana mambo yao mengine.

Kwa nini Udzungwa? Si kuna misitu mingi tu?

Ipo. Amani kule Muheza ni pazuri, na Kakamega kwa ndugu zetu wa Kenya vilevile. Udzungwa ina jambo lake. Msitu unaanza chini kabisa, kwenye meta 250 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu na mashamba ya miwa, ukapanda bila kukatika hadi juu ya meta 2,000. Sehemu nyingine za Afrika Mashariki msitu wa chini ulishafyekwa zamani, ukabaki wa juu peke yake. Hapa unaweza kuingia na jasho la bonde, na baada ya saa mbili ukawa unatafuta sweta.

Milima hii ni ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka kwa Pare, Usambara na Uluguru hadi huku. Upepo wa Bahari ya Hindi ukigonga ubavu wa mashariki unamwaga mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo maana upande wa Mang'ula ni kijani mwaka mzima hata pale Iringa, nyuma ya mlima, vumbi linapotimka. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1992. Ina kilometa za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara ya kuzungukia na gari. Mwenye Land Cruiser na mwenye ndala wote hutembea.

Kweli siku moja inatosha?

Inatosha kwa njia moja. Wanaotuandikia wakitaka maporomoko matatu, nyani, kilele na picha ya machweo katika siku hiyo hiyo tunawajibu kwa upole kwamba wachague.

Chaguo letu kwa wawili ni mzunguko wa Sanje. Kutembea kwenyewe ni saa nne hivi, na mkiongeza kukaa, kula na kuingia majini, hesabuni saa sita. Maporomoko ya Sanje yanashuka kama meta 170 kwa hatua tatu, na njia inapita chini, katikati na juu. Kama mna asubuhi tu, au mmoja ana goti bovu, yako maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na makao makuu ya hifadhi, kwenda na kurudi haifiki saa moja. Yamepewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, mume wa Malkia Juliana, aliyekuja kuizindua hifadhi. Ni madogo, tusidanganyane, lakini mbega hupenda eneo lile. Kilele cha Mwanihana ni siku tatu na mahema, kwa hiyo tuliache hapo.

Tunafikaje?

Kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro hadi mji wa Mikumi ni kama kilometa 300. Hapo mnaiacha barabara ya Iringa, mnakata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara, na baada ya kilometa 60 hivi mko Mang'ula. Milima itakuwa mkono wa kulia, miwa ya Kilombero mkono wa kushoto. Mabasi ya Ifakara yanaondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri, na yanapita mlangoni kwetu.

Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, wengi wanakuja nayo hadi Morogoro kisha wanadaka basi. Inapunguza uchovu, ila stesheni na stendi ya mabasi si mahali pamoja, kwa hiyo tengeni nauli ya bajaji au bodaboda. Reli ya TAZARA nayo inapita hapa chini ya mlima, na kwa mandhari hakuna kama hiyo, lakini mwenye ruhusa ya siku mbili kazini asiitegemee.

Siku moja tunayoisema ni siku ya msituni. Kutoka Dar na kurudi Dar siku hiyo hiyo haiwezekani, hata kama shemeji yako anaendesha gari kwa fujo. Mfike jioni, mlale, mwingie msituni asubuhi.

Siku yenyewe inakwendaje?

Saa moja na nusu asubuhi tunakutana ofisi ya hifadhi Mang'ula, mnaandikisha na kulipa. Kutoka hapo ni kama kilometa 10 kurudi upande wa Kidatu hadi kijiji cha Sanje, kwa gari lenu au bajaji. Tunataka saa mbili na nusu tuwe tumeanza kutembea, kabla jua halijapata nguvu.

Mwanzo ni joto. Bonde la Kilombero lina joto la kunata, na nusu saa ya kwanza watu wengi hujiuliza ni nani aliyewashauri kuja. Kisha miti inafunga juu. Mnasikia mabadiliko kwanza kwenye ngozi, jasho linapoa, halafu masikioni, kelele za pikipiki zinakatika. Mvule na mikangazi imesimama wima bila tawi hadi juu kabisa. Mizizi ya mingine imetokeza kama kuta zinazomfikia mtu kifuani, na mkuyu mnyongaji umekumbatia mti mwingine hadi mwenye nyumba ameoza ndani, ukabaki mwili wenye tundu katikati. Hapo kila mchumba anataka picha.

Njia inapanda kwa mizizi na ngazi za magogo. Mwongozaji anatangulia na fimbo, anasimama mara kwa mara, na mkiona amesimama msimpite. Pengine ameona jongoo mweusi mrefu kama kiganja anavuka, pengine amesikia tawi. Hondohondo wakipita juu mtawasikia kabla ya kuwaona, mbawa zao zinatoa mvumo mzito, mtu asiyewajua hudhani ni kitu kikubwa zaidi.

Kufikia saa nne na nusu au tano tuko kwenye maporomoko ya katikati. Hapo ndipo tunapokaa. Kuna dimbwi, kuna mawe bapa, na kuna rasharasha inayolowanisha simu za wasiojihadhari. Baadaye tunapanda hadi juu, mahali mto unapojitupa. Kutoka hapo Bonde la Kilombero lote liko chini yenu: vipande vya miwa vilivyopangwa kwa rula, moshi wa kiwanda cha sukari msimu wa kuvuna, na mbali upande wa mashariki mstari wa msitu unaoelekea Hifadhi ya Nyerere. Saa nane au tisa mchana mnakuwa mmesharudi kijijini mkinywa soda.

Mmoja wetu ana mazoezi, mwingine anahema akipanda ngazi za ghorofa ya pili. Itakuwaje?

Hili ndilo swali la msingi kuliko yote, na wengi hawaliulizi hadi wafike katikati ya mlima.

Tumeona wawili wakianza wameshikana mikono, baada ya saa moja mmoja yuko mbele meta 50 anageuka kila dakika kuuliza "umechoka?", na mwingine ameacha kujibu. Dawa ni moja na tunaisisitiza pale chini kabla ya hatua ya kwanza: mwenye pumzi ndogo atembee nyuma tu ya mwongozaji, na mwenye nguvu awe wa mwisho, abebe begi. Mwendo unapangwa na aliye mbele. Mwenye nguvu akilalamika kwamba tunakwenda polepole, tunamwongezea maji ya kubeba.

Msiulizane "umechoka?" kila kona. Simameni tu. Semeni mnataka kutazama mti. Mwongozaji mzuri ana visingizio vya kutosha, atawaonyesha uyoga, ataeleza jani fulani, naye anawasubiri mpate pumzi. Mkiona mwongozaji wenu anaeleza habari ndefu ya kigogo kilichooza, jueni anamsaidia mtu.

Na kama kweli mmoja ameshindwa, hakuna aibu kuishia maporomoko ya chini. Msigawanyike, mmoja kupanda na mwingine kubaki peke yake, kwa sababu mwongozaji ni mmoja na hawezi kukatwa vipande.

Tunaweza kwenda bila mwongozaji ili tuwe peke yetu?

Hapana. Sheria ya hifadhi inataka mwongozaji, na kwa njia ndefu askari mwenye bunduki, kwa kuwa tembo na nyati wapo. Tunaelewa kinachoulizwa, lakini. Mkitaka nafasi, semeni mapema bila kuona haya. Pale kwenye maporomoko mwongozaji hujua kusogea kando, akakaa juu ya jiwe lake akila mhogo wake, mgongo akiwa amewapa. Amezoea.

Tunachoomba ni kwamba mambo ya kubusiana na kukumbatiana yasubiri hadi mfike msituni. Njia inaanzia kijijini, mnapita mbele ya nyumba za watu, bibi kakaa kibarazani anachambua mchele. Mwamkieni "shikamoo", endeleeni na safari.

Tutaona wanyama gani?

Kama mmekuja kutafuta simba na twiga, mmekosea mlango. Msitu mnene hauonyeshi. Tembo anaweza kuwa meta 30 kutoka kwenu msimwone, mkaona tu kinyesi chenye mvuke na tope lililopakwa kwenye shina usawa wa kichwa chenu.

Mtakaowaona, na mara nyingi, ni jamii ya nyani na kima. Mbega mwekundu wa Udzungwa ana kofia ya manyoya ya rangi ya kutu, anakaa juu anakula majani, hana kidole gumba, na haogopi watu sana. Hapatikani popote duniani nje ya milima hii na misitu ya karibu. Mbega mweusi mwenye mabega meupe naye yupo, na kima.

Wa kujivunia zaidi ni ngolaga, ambaye watafiti humwita mangabe wa Sanje. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Wanasayansi walimjua mwaka 1979, pale Katherine Homewood na Alan Rodgers walipokuwa wakikagua msitu huu wa Mwanihana, wakasikia mlio wa nguvu usiofanana na wa nyani yeyote waliyemtarajia upande huu wa nchi. Walipouliza, wakaambiwa ni ngolaga. Fikiria mnyama mkubwa kiasi hicho, anayetembea chini kwa makundi, karibu na kijiji chenye shule na kiwanda cha sukari jirani, hayumo kwenye kitabu chochote hadi 1979! Anaishi kwenye misitu miwili tu ya Udzungwa. Ana rangi ya kijivu, uso wa rangi ya nyama, na hupekua majani makavu chini akitafuta mbegu. Mkisikia mchakacho mwingi ardhini, simameni.

Kisa kingine wageni hukipenda. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini kwenye milima hii wanakula kitoweo cha ndege aliyetegwa msituni, wakatazama miguu iliyobaki kwenye sufuria na kugundua hawaifahamu. Alikuwa kwale wa aina mpya kabisa. Alitangazwa rasmi mwaka 1994 na leo anaitwa kwale wa Udzungwa. Kwenye njia ya Sanje hamtamwona, anakaa misitu ya mbali, na kipunji hali kadhalika, yule nyani aliyetangazwa mwaka 2005 kutoka Mlima Rungwe na msitu wa Ndundulu. Tunawaambia ili msiwe na matarajio ya bure.

Leteni darubini moja. Moja tu, muazimane.

Nyoka je? Na wadudu?

Nyoka wapo. Moma, fira wa msituni, hongo. Kuwaona ni nadra, kwa sababu miguu yetu wanaisikia mapema na hawataki ugomvi. Kanuni ni kutoweka mkono mahali ambapo jicho halijafika: usishike shina bila kuangalia, usikalie gogo bila kulizunguka.

Anayewasumbua wageni kweli ni siafu. Wanavuka njia kwa mstari mweusi mpana wa vidole viwili, na mtu anayetazama mbega juu anasimama katikati yao. Mwongozaji akisema "siafu, kimbia", kimbia kwanza, maswali baadaye. Chomekeni suruali ndani ya soksi, hata kama haipendezi kwenye picha. Siafu akipanda hadi kiunoni, hapo ndipo ndoa inapopimwa, maana mtu atavua suruali mbele ya hadhara na mwenzake ana kazi ya kuchomoa mmoja mmoja bila kucheka.

Pembeni mwa njia, hasa kule chini penye mwanga, kuna upupu. Maganda yake yana vinyweleo vya dhahabu vinavyopendeza macho. Msivishike. Ukishawashwa usijikune, maji na sabuni ndiyo njia.

Malaria ni jambo la kweli bondeni. Si bure kwamba taasisi kubwa ya utafiti wa malaria nchini iko Ifakara, mwendo mfupi kutoka hapa. Ongeeni na daktari kuhusu dawa za kinga kama mnaishi ughaibuni au sehemu zisizo na mbu, laleni ndani ya chandarua, na jioni vaeni mikono mirefu. Anayeingia Tanzania akitokea nchi zenye homa ya manjano, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo, aje na cheti cha chanjo.

Gharama zikoje? Mmoja wetu ni Mtanzania, mwenzake ni mgeni.

Kila mtu hulipa kwa uraia wake. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na mgeni anayelipa kwa dola. Ndoa haimhamishi mtu kwenye kundi jingine, hata mkileta cheti. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi aje nacho, kina bei yake. Raia aje na kitambulisho cha taifa au pasipoti, picha ya kitambulisho kwenye simu inaweza kuzua mjadala mlangoni na saa mbili na nusu ikapita.

Viwango hubadilika, kwa hiyo hatuviandiki hapa. Viko kwenye tovuti ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na angalieni kama bei iliyoandikwa imejumuisha VAT, ambayo ni asilimia 18. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali kupitia benki au simu, au kwa kadi. Noti mkononi hazipokelewi. Wekeni salio la kutosha kwenye simu usiku uliotangulia, mtandao wa asubuhi si wa kuaminika.

Juu ya kiingilio kuna ada ya mwongozaji, usafiri wa kufika Sanje, na chakula. Bakshishi ni hiari. Mkiitoa, mpeni mwongozaji mwenyewe mkononi, mwisho wa safari, wawili kwa pamoja. Mmoja akitoa kwa siri na mwingine akitoa tena, tunafurahi, lakini nyumbani mtahesabiana.

Tuvae nini?

Raba zenye meno zinatosha, buti ni bora zaidi wakati wa mvua. Suruali ndefu nyepesi. Jinsi ikilowa inakuwa mzigo wa kilo kadhaa na haikauki siku hiyo. Koti la mvua hata kama anga ni safi. Tumewahi kuona viatu vya visigino vikibebwa mkononi kuanzia dakika ya 15, aliyevileta alisema ni vya picha.

Wapenzi wanaopenda kuvaa sare, vitenge vya mshono mmoja na kadhalika, vaeni tu, ila fungasheni nguo hiyo na mbadilishe juu kwenye maporomoko. Gauni refu na ngazi za mizizi havipatani.

Maji tunaweza kuogelea?

Ndiyo, kwenye madimbwi ambayo mwongozaji atayaonyesha, na ni baridi kuliko mnavyofikiri. Kule juu kabisa, ukingoni, hapana. Mawe yale yana utelezi usioonekana na mto haurudishi mtu. Hata kunawa mikono pale ukingoni tunakataza.

Wakati wa masika maji yanaweza kuwa mengi kiasi kwamba mwongozaji anakataza kuingia hata chini. Msibishane naye. Anaangalia rangi ya maji: yakianza kugeuka kahawia, mvua imenyesha juu na nguvu inakuja.

Nguo za kuogelea vaeni ndani tangu asubuhi, hakuna chumba cha kubadilishia. Na kuhusu choo, kipo mwanzoni mwa njia. Baada ya hapo mwambieni mwongozaji, atawaelekeza upande, mbali na mto, na karatasi mnarudi nayo.

Nataka kumvisha mchumba pete kule juu. Mnasaidia?

Tunasaidia, na tunafurahia. Tuandikie kwa namba yako peke yako, usitumie kundi la WhatsApp mlilounganishwa wote wawili. Ushauri wetu: fanya kwenye dimbwi la katikati, kabla ya kupanda juu, maana huko juu mwenzako atakuwa amechoka na anahema, na picha ya mtu anayelia huku anahema si nzuri. Pete iwe kwenye mfuko wenye zipu, kwenye mwili wako, sio kwenye begi ambalo mwenye nguvu amebeba. Kelele za maji ni kubwa, maneno yako sema karibu na sikio au yatapotea.

Mwongozaji atapiga picha kwa simu yenu. Mkitaka mpiga picha wa kulipwa au kamera za filamu, hifadhi ina kibali na ada yake. Droni hairuhusiwi bila vibali maalumu, na inawatimua mbega.

Nina mimba. Naweza?

Zungumza na daktari wako, si sisi. Tunachoweza kusema ni hali ya njia: miteremko mikali, utelezi, na hakuna gari linaloweza kukufuata. Njia fupi ya Prince Bernhard ni jambo jingine, hiyo tumepita na wajawazito wengi polepole. Watoto wachanga mgongoni hatushauri Sanje.

Ni miezi gani bora?

Juni hadi Oktoba njia ni kavu na inashikika. Januari na Februari mara nyingi kuna nafuu kati ya vuli na masika, maporomoko yana maji mengi na watu si wengi, na kwetu hicho ndicho kipindi kitamu, ingawa jasho litakutoka. Machi hadi Mei mvua ni za kweli. Msitu haujafungwa, vipepeo na uyoga wamejaa, ila kila hatua ya kuteremka ni ya kufikiri, na siku nyingine tunaahirisha asubuhi hiyo hiyo. Anayekuja masika awe na siku ya akiba.

Tutalala wapi, tutakula nini?

Mang'ula ina nyumba za wageni za bei ya chini pembeni mwa barabara, na loji chache zenye bustani karibu na lango. Mkiwa fungate ulizeni kuhusu chandarua cha kitanda kikubwa, mara nyingine wanaleta viwili vya kitanda kimoja kimoja. Mnaandika majina kwenye daftari la wageni kama kawaida.

Wali wa Kilombero hauhitaji matangazo, na samaki wa mtoni wapo. Chakula cha msituni agizeni usiku uliotangulia: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, parachichi. Maji lita mbili kila mtu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo fungasheni kwenye vyombo. Maganda ya ndizi nayo yanarudi, tusiwafundishe nyani kusubiri wageni.

Kijiji kinapata nini kutokana na sisi kuja?

Swali zuri, na jibu lina pande mbili. Zamani watu wa vijiji vya chini waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa ile ikafutwa. Kwa msitu ilikuwa nafuu, kwa kina mama waliopikia kuni ilikuwa pigo, na wapo ambao hadi leo wakikuona unaelekea mlimani na kamera watakumbuka kwamba wao wanazuiwa. Tembo nao hushuka usiku kula mahindi na mpunga wa watu.

Upande wa pili, maji ya kunywa na ya mashamba yanatoka humo humo mlimani. Umeme pia: bwawa la Kidatu liko hapo mlimani upande wa kaskazini, na Kihansi kwenye ukingo wa kusini, kule alikogunduliwa chura mdogo wa Kihansi ambaye hazai mayai bali vitoto vilivyokamilika. Kuhusu pesa za wageni, zinazobaki kijijini moja kwa moja ni zile mnazotumia kijijini: bajaji, chapati, chumba, mwongozaji wa hapa hapa. Nunueni ndizi Sanje, msizibebe kutoka Morogoro.

Tukishuka saa nane, tunaweza kuwahi Mikumi kuona wanyama jioni hiyo?

Wengi hujaribu. Hadi Mikumi mjini ni saa moja na nusu hivi, kisha mnalipa kiingilio kingine, na mnabaki na saa chache za mwanga mkiwa na miguu inayotetemeka. Mmoja atalala ndani ya gari, tuna uhakika.

Laleni Mang'ula usiku wa pili. Asubuhi ondokeni kwa starehe, mkielekea Dar barabara kuu inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi, na hapo twiga, pundamilia na hata tembo huonekana kutoka kwenye dirisha la basi, bure. Kaeni viti vya upande mmoja, mwenye macho mazuri dirishani. Anayeendesha gari lake aheshimu vibao vya mwendo, faini ya kumgonga mnyama ni kubwa na hutozwa kwa aina ya mnyama.